Msitu wa Buluu Nyuma ya Maharusi

Jumatano, 13 Aprili 2011

Nimeshinda. Mauwa, mke wangu, amekubali. Siku ya harusi ya Amira, binti wa marehemu kaka yake, halitatundikwa tena lile pazia la Donat nyuma ya viti vya maharusi. Itatundikwa picha yangu. Ukuta mzima!

Donat ndiye mpiga picha wa harusi zetu zote hapa Brussels. Ana pazia moja tu: ziwa la Uswisi na bata weupe wa shingo ndefu. Nusu ya Warundi wa Ubelgiji wameoana mbele ya bata wale. Mimi sipigi watu. Napiga mandhari. Nikitoka zamu yangu ya ulinzi kule stesheni ya Gare du Nord naziweka kwenye blogu, Jicho la Kadiri, pamoja na maoni yangu kuhusu teknolojia, michezo na mambo ya dunia. Leo nimeandika kwamba nchi hii haina serikali tangu mwaka jana na tramu zinafika vilevile, donc, yaani, serikali ni mazoea tu. Wasomaji wachache, lakini wa maana.

Mauwa ametoa sharti. Mama yake yuko Buyenzi, Bujumbura, amezeeka, hawezi kusafiri. Harusi ya mjukuu wake ataiona kwenye picha tu. Nikiziharibu, amesema nihamie kwa Donat. Nimemjibu atulie, anaongea na msanii.

Jumamosi, 16 Aprili

Msitu wa Halle. Majira haya ardhi yote inafunikwa na maua ya buluu. Gari ni la shemeji Hamadi, kaka yake Mauwa, ambaye ndiye atakayemwoza Amira. Mtu mzito. Msikitini ana nafasi yake safu ya mbele, na vijana wote wa mtaa wetu wa Forest wanamwita Tonton, yaani mjomba. Njia nzima alinung'unika. Aliuliza picha isiyo na mtu ni ya nini, itajulikanaje ni nani aliyekwenda. Wote wanasema hivyo. Niliwahi kuweka mtandaoni jua likichomoza, dada yangu akaandika chini yake: nzuri, lakini wewe uko wapi? Ndiyo maana hatuendelei.

Ukungu. Kwanza niliwasubiri wazee wawili wa Kiflamandi wapite na mbwa wao. Niliwaomba waharakishe, wakapunguza mwendo. Kisha Hamadi akasema anakwenda kujisaidia, akachukua chupa ya maji garini, akapotea. Afadhali. Hapohapo mwanga ukashuka kati ya miti, maua yakawaka, nikabonyeza. Machozi yalinitoka, sioni haya kuandika. Sijawahi kupiga picha kama hii, na sidhani kama yupo aliyewahi. Hakuna mtu hata mmoja ndani yake.

Jumatatu, 18 Aprili

Nimepeleka picha kwa mchapishaji. Alitaka tuikague kwanza kwenye skrini kubwa. Nikamweleza kwamba mambo ya kukagua yalikuwa ya zamani, siku hizi kamera yenyewe inajua. Mimi nimeitazama kwenye simu, basi. Safi kabisa.

Donat amepiga simu, sauti ya asali. Atawaweka bata wake garini, kama tahadhari. Bon, haya. Wivu huo. Nimeandika makala: Zama za Bata Zimekwisha.

Alhamisi, 21 Aprili

Jana nilitabiri kwenye blogu kwamba Barcelona watachukua Kombe la Mfalme bila jasho. Nilitumia hesabu na michoro. Wamechukua Real Madrid. Nimeifuta makala, lakini Donat alikuwa ameshaisoma. Aliniuliza mbele ya duka la nyama, watu wanasikia, kama na msitu nao nimeupigia hesabu.

Picha imefika, imeviringishwa. Sitaifungua kabla ya siku yenyewe, isije ikapata mikunjo.

Jumapili, 24 Aprili

Harusi ilikuwa jana. Tulitundika picha huku gari la bibi harusi likifika. Ukumbi mzima ukanyamaza. Nikasimama pembeni na suti yangu, nikapokea ule ukimya kama pongezi. Halafu nikaona akina mama wanaziba midomo kwa mitandio. Nikageuka.

Kwenye simu alikuwa nukta. Ukutani alikuwa saizi ya mtu. Kati ya miti miwili, mgongo kwetu, koti la kahawia, kofia ya kufuma, amechuchumaa, chupa ya maji pembeni. Cha aibu hakionekani, namshukuru Mungu na maua. Lakini Mzungu angesimama. Aliyechuchumaa na chupa ni wa kwetu, na mwenye kofia ile ni mmoja tu. Naye wakati huo alikuwa anaingia mlangoni, kofia kichwani, amemshika Amira mkono.

Donat alikimbilia bata wake garini. Amira akamkataza. Alicheka mpaka wanja ukamshuka, akasema hakuna wa kuigusa. Donc katika kila picha ya harusi Tonton yupo, juu kidogo ya sikio la bibi harusi. Na zote zimeshatumwa Bujumbura.

Hamadi hanisalimii. Mauwa amelia, anauliza mama yake atauficha wapi uso. Nimeumia kumwona vile. Lakini ukweli uandikwe: kamwe watu wetu hawajaitazama mandhari kwa muda mrefu namna ile. Bata wa Donat hakuna anayewaangalia mara mbili.

Jumatano, 27 Aprili

Mama mkwe amepiga simu. Hamadi alikuwepo, Mauwa alikuwa amemwita tupatanishwe. Mama akauliza yule wa nyuma ni nani. Mauwa akasema kisiki. Mama akasema kisiki gani, mgongo wa mwanawe anaujua.

Hajamwona Hamadi tangu vita, na ndiye mwana wa kiume aliyembakia. Akasema aliambiwa watoto wakifika Ulaya wanapotea, wanaacha mpaka maji ya chooni na kushika karatasi. Na huyu hapa, mtu mzima, katikati ya msitu wa Wazungu, amechuchumaa vile alivyomfundisha, na maji yake pembeni. Sasa hata akifa roho yake imetulia. Hamadi alijifunika uso akalia. Kisha Mama ameomba picha ile ya msitu peke yake, bila maharusi, aitundike sebuleni kila mgeni aione.

Nimelia na mimi. Fahari tupu! Baada ya miaka yote hii, mtu wa kwetu anaomba mandhari.

Mchana kutwa nimekuwa kwenye kompyuta. Kinachokwenda kwa mama mkwe hakiwezi kuwa na dosari. Nimepata programu mpya, ya ajabu kweli. Nimemfuta Hamadi, kofia, chupa na vyote, nikajaza maua. Huwezi kujua kama palikuwa na mtu. Picha imeondoka jioni hii na msafiri wa Bujumbura. Nasubiri simu ya Mama.