Mkia wa Nguruwe na Pikipiki ya Papa Daudi

Jumatatu, 3 Februari 1975

Papa Daudi amepanda meli kwenda Basoko kununua samaki wakavu. Atarudi Jumamosi, na akirudi atanijibu kama ananipa binti yake, ambaye jina lake pia ni Binti. Pikipiki yake ameniachia mimi. Mimi! Si wapwa zake, wala si jirani yetu Léon anayejiita fundi. Agizo: niifunike turubai, nisiiguse.

Nimemwelewa. Ni mtihani. Mkwe wa kawaida angefunika turubai akalala. Mkwe wa kweli atatengeneza ekzosi, maana inavuja moshi na kukohoa kama mzee asubuhi. Kazi ndogo. Ekzosi imeshikwa na boliti mbili zisizo na kichwa, zilizokazwa ndani ya injini, kila moja na nati yake. Nati zina kutu. Nikarefusha spana kwa kipande cha bomba la maji nilichookota kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, nipate nguvu. Nguvu nikapata. Nati ikazunguka kwa ulaini wa ajabu. Nikajipongeza. Kumbe inazunguka pamoja na boliti, na boliti imekatikia ndani.

Imebaki moja.

Jumanne, 4 Februari

Ya pili nayo imekatika. Nilitaka kuona ya kwanza ilikatikaje.

Nikaenda kwa Léon. Hufanya kazi uwanja wa ndege wa Bangboka. Kwenye karatasi ana jina jipya la kizalendo, kama serikali ilivyoamuru, ambalo mama yake mwenyewe hulisahau. Nikamwambia nina swali la nadharia tu, kuhusu pikipiki ya rafiki wa rafiki. Akaitazama mikono yangu myeusi.

“Alors, tonton, usijitese bure. Utafute queue de cochon. Unazungusha, boliti inatoka yenyewe.”

Queue de cochon! Mkia wa nguruwe! Kuniambia mimi, mtu wa Kasongo, ninayefunga Ramadhani nzima isipokuwa siku za homa! Nikamjibu mkia aule yeye, pamoja na masikio. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akataka kunieleza. Nikaondoka kabla hajaeleza.

Nimemsimulia Binti matusi hayo. Akajiziba uso kwa kitenge, mabega yakatikisika. Nadhani alilia.

Jumatano, 5 Februari

Nimeondoka kazini posta mapema kwa sababu ya tumbo. (Tumbo langu halina kasoro.) Kutu hulainishwa kwa mafuta. Mafuta ya taa hayapatikani mjini. Mawese yapo. Nikamimina kikombe kizima.

Jioni siafu wamepanga msafara kutoka jikoni hadi kwenye injini. Boliti hawakuitoa. Binti akapita, akaniita yaya, yaani kaka, kwa heshima: “Yaya Feruzi, papa alisema usiguse.” Nikamweleza kwamba sigusi. Wanaogusa ni siafu.

Hata hivyo siku haikupotea. Chini ya kiti cha pikipiki nimekuta kijisanduku: spana, plagi ya zamani, na chuma kifupi kilichosokotwa, sijui cha nini. Kinafaa sana kuchochea mkaa. Nimekiacha jikoni humo humo motoni, na ndizi zimeiva vizuri.

Alhamisi, 6 Februari

Shauri bora kuliko yote! Nimetafuna kwanga, mkate wetu wa muhogo, mpaka ukanata kama ulimbo. Nikabandika ekzosi mahali pake. Nikafinyanga nati mbili, nikazipaka masizi. Nzuri kuliko za kiwandani. Papa Daudi atawasha, ekzosi itaanguka njiani, atalaumu kutu. Nitasikitika pamoja naye. Nimefanya mazoezi ya kusikitika mbele ya kioo.

Ijumaa, 7 Februari

Meli imewahi! Ni nani amewahi kuona meli ya mto huu ikiwahi?

Nikavua turubai kwa madaha. Papa Daudi akatabasamu. Akaniwekea mkono begani, hakika, mkono mzima. Akaanza: “Feruzi, mutoto yangu, juu ya Binti…”

Hapo kuku wakaja. Wakaanza kudonoa injini. Papa akainama kutazama. Jike mmoja akaondoka mbio na nati mdomoni.

“Feruzi, tangu lini pikipiki yangu inakulaka kwanga?”

Ekzosi ikaanguka.

Nilikuwa na utetezi. Nikamshtaki Léon mbele ya watu: nilimwendea kwa heshima, akanielekeza kwenye mkia wa nguruwe, ndipo mambo yakaharibika. Papa Daudi akafungua kijisanduku chini ya kiti, akauliza queue de cochon yake iko wapi. Ile ya chuma. Ile iliyosokotwa, ya kutolea boliti zilizokatika.

“Feruzi, haina nyama! Ni chuma!”

Nikaenda kuitoa jikoni. Léon akaitwa, akatoboa boliti katikati, akaichomeka queue tunduni, akazungusha. Ikajinyonga kama tambi. Moto ulikuwa umeimaliza ugumu. Léon akasema hii ni mara ya kwanza kuona mkia wa nguruwe uliopikwa vizuri. Binti akalia tena kwa kitenge.

Hukumu ya Papa Daudi: si ndiyo, si hapana. “Juma moja, Feruzi. Juma moja usiguse chuma. Hata kijiko, ukamate kwa adabu. Kisha uje tuongee.”

Jumatatu, 10 Februari

Najisikia mtu mpya. Nakula kwa mkono. Nimetafakari na kulitambua kosa langu: sikuwafungia kuku.

Leo Binti amelalamika kwamba cherehani yake imekuwa nzito kuzungusha. Hakuniomba kitu. Msichana mwenye heshima haombi. Nimeikagua kwa macho tu. Ni skrubu moja, ina kutu kidogo.

Ahadi ni ahadi. Bomba la maji nimelizungushia kitambaa kinene, mwanzo hadi mwisho. Chuma sitakigusa.