Chungutamu na Barafu ya Buchani

Jumatatu, 3 Juni

Vita vimeanza. Adui ana friji la milango miwili.

Ngoja nianze vizuri. Mjukuu wangu amerudi kutoka hotelini anakojifunza kazi ya kaunta, kakumbatia chupa tatu kama mama wa mapacha watatu. Wiski. Mvinyo mtamu wenye viungo. Na chupa nyeusi, ndani yake kitu chekundu, kichungu kuliko dawa ya minyoo. Nimeonja. Ulimi umerudi ndani wenyewe.

Vyote vitatu vinachanganywa. Wiski vipimo viwili, hivyo vingine kimoja kimoja. Unakoroga na barafu, hutikisi, mpaka glasi itoke jasho. Juu unakamulia ganda la chungwa. Yeye anakiita chungutamu. Nikamuuliza mtu mwenye akili zake anakunywaje uchungu kwa hiari yake. Akaniuliza mbona mimi niliolewa mara mbili. Mtoto huyu ana mdomo, na najua kautoa wapi.

Sasa mambo ni haya. Wanaojifunza ni watatu, nafasi ya kazi ni moja. Mkuu wa kaunta kawapa kila mmoja chupa zake wakachanganyie nyumbani. Jumamosi kila mtu apeleke kinywaji chake. Atakayeshinda anaajiriwa. Wengine, njia nyeupe.

Halafu likaja lenyewe. Friji letu lilikufa mwaka juzi, sasa naweka viatu humo. Kumbe bila barafu hakuna mazoezi. Tena si barafu yoyote, inatakiwa moja, kubwa, ngumu, isiyoyeyuka ovyo. Mjukuu akasema, huku anatazama kucha zake, kwamba Jumatano atahamia kwa Bibi mzaa baba. Kuna friji. Na hoteli ni jirani. Na huenda akabaki huko huko.

Huko huko! Nimemlea mimi tangu ana meno mawili! Hata herufi hizi ninazoandika nilizidokoa kwake, yeye darasa la kwanza anaandika mezani, mimi nachungulia na mwiko mkononi. Shule yangu ilikuwa bega la mtoto huyu. Leo aende kwa mwanamke anayefungua friji mbele ya wageni ili tu taa iwake?

Haendi. Nimesema.

Jumanne, 4 Juni

Akili mali! Barafu nimepata.

Asubuhi nimekwenda kwa mwenye bucha. Ana friza kubwa kama chumba cha mpangaji. Nikamwomba aniwekee bakuli moja la maji. Akasema friza ni la nyama, si la maji ya bibi yeyote. Huku anasema, kajishika tumbo na kukunja uso. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia siku ya tatu hii tumbo limemfura kama mpira.

Mimi nimezaa saba. Tumbo silisomei, nalijua. Kitu kichungu ndiyo dawa yake. Nikarudi nyumbani mbio, nikachukua ile chupa nyeusi, nikampa vijiko viwili. Alifumba macho. Akasimama wima, kisu mkononi, mpaka nikaogopa. Halafu akacheua! Mteja mmoja aliruka. Akasema, "Bibi, wewe ni daktari." Bakuli langu likaingia friza, tena juu kabisa, karibu na maini.

Vijiko viwili tu. Chupa ni nyeusi, nani ataona?

Mchana kaja kinyozi. Kaambiwa na mwenye bucha. Naye tumbo. Jioni fundi cherehani, yeye hana tumbo ila ana mawazo. Nimempa pia. Siwezi kumfukuza mtu mlangoni eti kwa ajili ya kijiko.

Jumatano, 5 Juni

Siku iliyoanza vizuri.

Mwenye bucha kaleta barafu mwenyewe, imefungwa gazeti. Kubwa kama tofali, safi, unaona vidole vyako upande wa pili. Mjukuu alipiga kelele. Alinikumbatia mpaka kilemba kikanianguka. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikasema mimi nina watu wangu. Mkoba wake aliokwisha kuufunga nikauona unarudi chini ya kitanda. Roho yangu ikatulia.

Akakata kipande. Akapima, wiski kwanza, halafu nyekundu, halafu mvinyo. Akakoroga polepole, kijiko kinazunguka bila sauti, mgongo umenyooka. Nilimtazama nikasema kimoyomoyo, huyu ni wangu.

Akaonja. Akanusa. Akaniuliza kama mimi sinusi kitu. Nikasema nanusa wiski. Akasema wiski hainuki maini.

Nikajitia hamnazo. Nikasema labda hao Wamarekani wanaoitengeneza huiweka karibu na… nikajiuma ulimi. Akachukua barafu yote, akainusa kama mbwa wa polisi, akasema, "Bibi, hii barafu imelala na ng'ombe." Tukacheka wote. Lakini yeye alicheka kidogo, mimi nikacheka sana, na hilo si jambo zuri.

Akasema basi, kesho jioni akirudi kutoka kazini atachanganya chupa nzima bila barafu, ilale Ijumaa itulie. Ya barafu ataona mbele. Mkoba umetoka tena chini ya kitanda. Upo kwenye kiti. Unanitazama.

Kinyozi alikuja tena saa nane. Kaleta shemeji yake, na nyuma yao foleni.

Alhamisi, 6 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi nimeinua ile chupa nyeusi, ikaja juu haraka mno. Nyepesi! Nikaigeuza kwenye mwanga. Vidole viwili vimebaki. Wameninywea! Mtaa mzima una matumbo mazuri na mjukuu wangu hana mtihani.

Nilikaa chini dakika moja. Halafu nikasimama. Kitu kilichopikwa na mtu, mtu mwingine anaweza kukipika. Kichungu, chekundu, kina harufu ya ganda la chungwa. Je, kuna siri gani hapo? Nikaunguza sukari mpaka ikawa nyeusi. Nikamimina kahawa nzito, ile ya kusimamisha kijiko. Maganda ya machungwa mawili. Yote yakachemka. Rangi ikanipa shida, nikapata bitiruti kwa muuza mboga, nikaikuna, nikakamua kwa leso. Kipimo jicho, kama siku zote. Mimi sijawahi kupima kitu, na wote saba walikua.

Nikaonja. Nikatema. Nikaonja tena. Si mbaya! Nikajaza chupa mpaka shingoni, nikaipangusa, nikaiweka pale pale. Mikono tu ndiyo ilinisaliti, myekundu kama nimechinja. Nikavaa glavu za kufulia.

Jioni mjukuu akachanganya kwenye chupa moja kubwa. Wiski yote. Mvinyo wote. Ile yangu yote. Akaniuliza mbona nimevaa glavu. Nikasema baridi. Akatia tone moja kidoleni, akalamba. Uso ukakunjika. Akalamba tena. Akasema kahawa. Nikasema kahawa gani. Akasema sukari imeungua. Nikasema labda huko kiwandani. Akasema kuna mzizi, kuna udongo udongo, halafu akanishika mkono, akavuta glavu.

Nikamwambia ukweli. Wote, na shemeji wa kinyozi ndani yake.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningempigia zaidi, tungemaliza, tungekula. Aliniambia tu kwa sauti ya chini kwamba hana wiski nyingine, hana chupa nyingine, na Jumamosi itabidi apeleke uchafu huu. Akasema, "Bibi, nakuomba kitu kimoja tu maishani. Usinisaidie."

Akachukua mkoba kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine. Kaenda kwa yule mwenye friji.

Wali umebaki sufuria nzima. Nimemwaga kwa kuku wa jirani. Nao hawakula.

Ijumaa, 7 Juni

Nyumba ina mwangwi. Sikujua.

Saa nne nikavaa gauni la harusi za watu, nikaenda kwa Bibi mzaa baba. Nia yangu ilikuwa kuomba msamaha. Nia ya pili ilikuwa kuiiba ile chupa, niikimbize kwa mtu anayejua, aitengeneze. Nia ya pili ilikuwa na nguvu zaidi.

Mjukuu alikuwa kazini. Adui akafungua mlango robo. Akaniambia nivue viatu. Nikavua. Akanitazama miguu, nikamtazama kilemba, tukawa sawa. Akauliza kama nimemletea barafu ya kongoro. Kumbe kashaambiwa! Nikameza.

Nikamwomba maji baridi, ili afungue friji. Akafungua, taa ikawaka, na mimi nikaona. Chupa ya mjukuu, mlangoni, inanata. Asali imeteremka shingoni mpaka chini. Na mtungi wa asali uko mezani, kifuniko wazi, kijiko ndani.

Nilimtazama. Akatazama dirisha.

Nikamuuliza polepole, mwenzangu, umemtilia mtoto asali? Akasema kidogo. Nikasema kidogo kiasi gani. Akasema alionja akaona ni chungu mno, akamhurumia mtoto, akafikiri atafeli, basi akatia vijiko, labda sita, na kimoja cha baraka.

Mungu wangu. Niseme kweli? Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Nimekuwa mjinga peke yangu siku nzima, kumbe nina mwenzangu!

Tukakaa. Tukamimina kidogo tujue ubaya umefika wapi. Katoa barafu kutoka friji, safi, haina harufu ya mnyama yeyote. Tukaonja. Yeye akasema ni mbaya. Mimi nikasema si mbaya. Tukaongeza ili tuamue. Kwa kikombe cha tatu aliniambia kwamba miaka yote hii alinionea wivu, kwa sababu mtoto akiumia huita jina langu. Nikamwambia mimi nilionea wivu taa ya friji. Tukalia kidogo. Tukajaza pengo la chupa kwa kahawa.

Tumekubaliana kunyamaza.

Jumamosi, 8 Juni

Tumekaa ng'ambo ya hoteli tangu saa mbili, kwenye ngazi za duka la vioo, wanawake wawili na mwavuli mmoja. Mlinzi alitufukuza mara tatu. Mara ya nne nikamuuliza tumbo lake lina hali gani, akakimbia yeye.

Saa saba mjukuu akatoka. Uso wake hausomeki. Moyo wangu ukashuka hadi viatuni. Alipotuona tumeshikana mikono alisimama katikati ya barabara, gari likapiga honi.

Kasimulia. Mkuu wa kaunta kaonja vinywaji vya wenzake wawili, akaitikia kwa kichwa. Kaonja cha kwake, akakimbilia sinki. Akakitema chote! Halafu akasuuza mdomo, akawauliza wote watatu, kila mmoja aseme ndani ya chupa yake kuna nini. Wale wawili wakaimba somo kama walivyofundishwa. Mjukuu wangu yeye akaonja chake upya, akafumba macho, akasema kuna wiski, kuna mvinyo wa viungo, kuna kahawa, sukari iliyoungua, ganda la chungwa, bitiruti. Na asali, ambayo haikuwemo alipoifunga chupa. Na kahawa ya pili, tofauti na ya kwanza, imetiwa jana.

Mkuu wa kaunta akaweka glasi chini. Akamwuliza yote hayo kayajuaje. Akajibu kwa ulimi. Akaulizwa ni nani kaitenda chupa hii. Akajibu, "Bibi zangu." Akaambiwa ulimi kama huo ndio unaotafutwa, Jumatatu aanze kazi. Na bibi zake wasikanyage kaunta ile mpaka siku ya mwisho ya dunia.

Kazi kapata! Nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akarudi. Bibi mzaa baba aliruka, kwa umri ule, na kilemba kile.

Mjukuu akatukumbatia kwa pamoja, vichwa vikagongana. Akasema bado ana hasira nasi, hasira ya wiki nzima, tumwache aimalize. Halafu akatuambia lililobaki. Kazi ile inakuja na chumba nyuma ya hoteli. Anahamia kesho. Hakai kwangu, hakai kwa mwenzangu. Atakuja kututembelea akipata nafasi.

Akipata nafasi!

Jumapili, 9 Juni

Kahama. Nimemfungia vyombo mwenyewe. Kachukua mto wangu mzuri, nimemwachia. Chumbani kwake kuna kitanda, dirisha na friji dogo, linafika gotini. Alilifungua ili tuone taa. Tukasema nzuri.

Mchana Bibi mzaa baba kaja kwangu, mara yake ya kwanza. Alivua viatu bila kuambiwa. Kaja na masalio ya chupa na barafu kwenye taulo. Nikakoroga mimi. Nilikumbuka kutotikisa. Nikakamulia ganda la chungwa, likanirukia jichoni, basi nikapata sababu ya kufuta macho.

Tukazungumza kama watu wazima. Yeye akasema tumejifunza. Nikasema tumejifunza sana. Kosa letu lilikuwa moja, kila mtu alifanya lake peke yake. Kichwa kimoja kahawa, kichwa kingine asali, kinywaji kitatulia vipi? Tungeshirikiana tangu Jumatatu, mkuu wa kaunta asingetema. Angeomba aongezwe. Akasema hasa. Tena nikamkumbusha kwamba bila bitiruti yangu mtoto angekuwa na nini cha kutaja mbele ya wale watu? Kazi ile nimempa mimi. Akasema asali ndiyo iliyomshangaza mkuu. Nikamwachia asali. Siku hizi mimi ni mpole.

Basi tumepanga. Mtoto atakuja akipata nafasi, kwa hiyo lazima apewe nafasi. Kesho asubuhi mmoja wetu anaanguka mgonjwa ghafla. Wiki inayofuata mwingine. Tunapokezana, wiki kwa wiki, na kinyozi atapeleka habari hotelini, namdai shukrani ya tumbo. Magonjwa ya mguu na mgongo tumegawana vizuri, bila maneno.

Tumekwama kwenye moyo. Kila mmoja anautaka yeye, kwa sababu wa moyo ndiye anayekimbiliwa. Nimemwambia mimi ndiye mzaa mama, moyo ni wangu. Kavaa viatu, kaondoka kwa hasira, na chupa kabeba.

Sawa. Nimeshamtuma kinyozi. Naumwa moyo tangu sasa hivi.