Tangazo la Safari ya Koko Kwenda Mwezini

Jumatatu, 12 Mei
Nimepeleka hadithi gazetini kwa mara ya tatu. Safari hii itachapishwa. Sina wasiwasi wowote.

Gazeti linaitwa Kesho Kutwa. Ni la hadithi za sayansi ya kubuni na maajabu, kurasa ishirini, linatoka kila miezi miwili katika duka la fotokopi la Bwana Edmond hapa Butembo. Bwana Edmond ndiye mhariri, ndiye mchapaji, ndiye anayebana kurasa kwa pini. Hadithi yangu ya kwanza aliikataa kwa sababu ilikuwa na mchawi, na yeye anataka injini. Ya pili ilikuwa na injini, lakini mwishoni shujaa aliamka, kumbe alikuwa anaota. Bwana Edmond aliandika pembeni kwa biki nyekundu: Mwamshe mapema, utuokolee karatasi.

Ya tatu ni "Viazi vya Mwezini". Mkulima mzee wa Kipese anaona shamba lake limechoka. Anaunda chombo kwa mabati na mota ya mashine ya kusaga, anakwenda kulima mwezini. Mkulima nimempa jina la babu yangu, Koko Kamate, maana ndiye mkulima ninayemjua vizuri. Sikumwomba ruhusa. Anaishi Kipese, hasomi magazeti.

Jambo lenyewe ni hili. Mwisho wa mwaka huu tunachagua seksio, yaani mkondo wa masomo. Baba anataka nisome komersiale ili nimsaidie kwenye duka lake la mbao. Mimi nataka literere, wanakosoma vitabu. Jana Baba amesema akiona jina langu limechapishwa gazetini, popote isipokuwa kwenye habari za vifo, atasaini fomu ya literere. Fomu inarudishwa shuleni tarehe 31. Kesho Kutwa linatoka tarehe 28. Naona mambo yamekwisha.

Jumatano, 14 Mei
Bwana Edmond ameniita. Amesema Viazi ni hadithi nzuri. Nilikwisha geuka kwenda kumwambia Baba, akanirudisha. Imebaki nafasi moja, na hadithi ziko mbili.

Nyingine ni ya Joyeuse. Tunakaa benchi moja darasani, na hakuniambia kwamba anaandika! Mimi pia sikumwambia, lakini mimi nilikuwa na sababu. Hadithi yake ni ya roboti mwalimu anayekataa kuzimwa wakati wa likizo. Bwana Edmond ameniruhusu niisome nikiwa nimesimama. Ni nzuri kiasi. Kasoro yake ni kwamba inaeleweka haraka.

Bwana Edmond amesema yeye hawezi kuchagua kati yetu, atawaachia wasomaji. Ataamua Jumamosi ya tarehe 24. "Ile batu bataniuliza sana, njo nitatia," amesema.

Basi wataulizia hadithi yangu. Nitahakikisha.

Ijumaa, 16 Mei
Nimeandika barua kumi na moja za wasomaji. Watatu wa Mabalako, wawili wa Kasugho, waliobaki wa Butembo. Nne nimeziandika kwa mkono wa kushoto. Kazi ngumu, lakini safi.

Nimezipeleka zote kwa pamoja, nikasema nimezikuta chini ya mlango wake. Bwana Edmond amezisoma bila haraka. Ameuliza kama wasomaji wangu wote wamechana karatasi kwenye daftari moja. Nimejibu kwamba daftari hizo ni za kawaida. Kisha ameinua barua ya Mzee Kitsa wa Kasugho, anayesema kwamba tangu azaliwe hajasikia kitu kitamu kama Viazi. Bwana Edmond amesema mwezi wa pili alisaidia kubeba jeneza la Mzee Kitsa.

Nimesema labda ni Kitsa mwingine.

"Weye Hadassa," amesema, "acha batu benye kufa bapumuzike."

Amenirudishia zote. Zile kumi za walio hai nimezitunza.

Jumapili, 18 Mei
Nimekutana na Joyeuse barabarani, mimi nikitoka misa, yeye akitoka kwao Baptisti. Ameniambia kwa unyenyekevu mkubwa kwamba shangazi yake anaongoza kwaya huko Beni, na wanakwaya ishirini na wanane wamempigia simu Bwana Edmond kuulizia roboti. Joyeuse huwa mnyenyekevu sana anaposhinda. Inachosha.

Lakini leo nimegundua jambo. Wakati wa mahubiri, jirani yetu Mama Agar alikuwa amelala, kichwa begani kwangu. Padri alipofungua karatasi ya matangazo, Mama Agar akaamka mwenyewe. Kanisa zima likanyamaza, hata watoto wachanga. Nani amefariki, nani anaoa, mbuzi wa nani amepotea. Nyumbani ni vilevile: matangazo ya redio yakianza, Baba anabaki na kijiko hewani.

Hakuna anayelala wakati wa matangazo. Miaka yote hii waandishi wanahangaika na sura ya kwanza, kumbe!

Jumanne, 20 Mei
Baada ya shule nimekwenda redioni. Matangazo yanapokewa na Mama Berthe, dirishani. Langu lilisema hivi: Mzee Kamate wa Kipese anawajulisha jamaa, marafiki na majirani kwamba anasafiri kwenda mwezini kulima viazi. Atakayetaka kujua zaidi aulizie hadithi yake kwa Bwana Edmond wa gazeti Kesho Kutwa.

Mama Berthe amelisoma bila kucheka. Hakuuliza chochote kuhusu mwezi. Amekata sentensi ya mwisho, akasema jina la gazeti ni biashara, na biashara ina dirisha lake, na mwenye dirisha hilo amekwenda Beni hadi wiki kesho. Kisha amenirudishia karatasi. Ilikuwa haijakamilika.

"Batu bakuje wapi? Saa ngapi? Tangazo bila saa hapana tangazo, mutoto."

Nyuma yangu watu sita walikuwa wanasubiri. Nikaandika upesi: watu waje kumuaga siku ya posho, yaani Jumamosi, saa nane mchana, nyumbani kwa mwanawe Luc, muuza mbao. Mama Berthe akapiga muhuri.

Nimetafakari njiani. Gazeti halikutajwa, lakini watu wenye akili watauliza, na wakiuliza watafika kwa Bwana Edmond. Naona mambo yanakwenda vizuri.

Alhamisi, 22 Mei
Tangazo limesomwa asubuhi, mchana na jioni. Msomaji ana sauti nzuri. Pale kwenye "mwezini" alitulia kidogo, kama nilivyotaka.

Jioni Baba alikuwa na kijiko hewani. Mama amesema lazima ni Kamate mwingine. Baba ameuliza kama kuna pia Luc mwingine anayeuza mbao na ana baba Kipese. Nimesema redio nazo hukosea. Baba amempigia Koko simu mara tano. Haipatikani, maana Koko hupanda mlimani kutafuta rezo, mtandao wa simu, siku ya soko tu.

Jumamosi, 24 Mei
Naandika nikiwa nimechoka, lakini lazima niandike yote.

Saa saba na nusu Mama Agar ameingia na beseni la maharage. Nyuma yake wauza mbao wenzake Baba. Kisha akina mama wa jumuiya, na ndizi. Saa nane walikuwa arobaini na watatu, na mbuzi. Baba amesimama mlangoni akimwambia kila mmoja kwamba hakuna anayesafiri, baba yake yuko Kipese, na binadamu haendi kulima mwezini.

"Luc," Mama Agar amesema, "siye hatukuje juu ya mwezi. Muzee anasafiri, batu banakuja kumuaga. Utatufukuza?"

 Baba amekwenda kuazima viti.

Saa nane na robo moto, pikipiki ya abiria, imesimama. Ameshuka Koko mwenyewe, amevaa koti refu, amebeba mfuko wa mbegu za viazi na jembe lisilo na mpini. Amesalimia watu wote kwa mkono. Amesema amesikia redioni kwamba anasafiri, kwa hiyo amejiandaa. Mpini ataukata huko huko. Kisha ameniuliza mimi, si mtu mwingine, gari linaondoka saa ngapi.

Nimemvuta nyuma ya jiko, nimemweleza kila kitu: gazeti, roboti, fomu ya shule. Nimelia kidogo. Amesikiliza hadi mwisho, akifuta jembe kwa kidole. Ameuliza tu kama ile fomu ninayo hapa.

Amerudi, ameketi, ameomba watu wanyamaze. Akasema wamsamehe, wamechelewa. Safari amekwisha ifanya tangu Jumatano, maana kupanda hakusubiri wageni. Akaanza kusimulia. Kwamba udongo wa kule ni mwepesi kama unga wa muhogo. Hakuna magugu, hakuna mbuzi wa jirani. Shida ni jembe: ukiliinua halirudi, unalifuata juu kulikamata. Na viazi ukivichimba vinapaa, kwa hiyo kila kiazi kinafungwa kamba, jioni unarudi nyumbani na mavuno juu ya kichwa chako bila kuyabeba. Mama Agar ameuliza kama mashamba ya kule yana mwenyewe. Koko amejibu kwamba bado, lakini ameona mtu akipima.

Watu walicheka hadi wakashikana. Bwana Edmond pia alikuwapo, kando ya uzio, ameinua simu, anarekodi. Hakuna hata neno moja la Koko lililokuwa kwenye hadithi yangu. Yangu ina kurasa tatu za mota.

Halafu Koko amemwita Baba mbele ya wote. Amesema huyu mtoto amenipeleka mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo huu, sasa ana karatasi, msainie. Baba amesema kwa heshima kwamba kulikuwa na makubaliano: kwanza jina lichapishwe.

"Luc," Koko amesema, "miye natoka mbali."

Baba ameomba biki.

Jumatano, 28 Mei
Kesho Kutwa limetoka. Ukurasa wa tisa: "Nilivyolima Mwezini", imesimuliwa na Mzee Kamate wa Kipese. Nimetafuta jina langu kila mahali, hata chini ya pini. Halipo. Roboti pia hayupo.

Joyeuse amekaa mwisho kabisa wa benchi hadi mapumziko. Kisha amesogea. Amesema afadhali kushindwa na mtu aliyefika huko mwenyewe. Tumesoma ukurasa wa tisa pamoja, mara mbili. Ile ya viazi kupaa ilinichoma. Kwa nini sikuifikiria mimi?

Jumamosi, 31 Mei
Fomu imerudishwa. Literere.

Mama, akiosha mabeseni ya watu, amesema natumaini umejifunza: kaa, andika vizuri, subiri. Nimemjibu ndiyo Mama. Lakini nimepima mambo kwa utulivu. Barua hazikuleta kitu. Kuandika vizuri hakukuleta kitu, na niliandika vizuri mara tatu. Tangazo moja limeleta watu arobaini na watatu, saini ya Baba, na mhariri mwenyewe hadi nyumbani. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilimtumia mtu anayejua kusimulia kuliko mimi.

Bwana Edmond anapokea hadithi za toleo la mwezi wa saba. Yangu iko tayari. Mwanamke wa Butembo anaolewa na mfalme wa theluji ya Ruwenzori. Mama Berthe amepokea tangazo la harusi leo asubuhi, hakusahihisha hata nukta. Kwa bibi harusi nimechagua mke wa prefe, mkuu wa shule yetu. Ni mama mpole, hasemi mbele ya watu, na uwanja wao ni mpana.