Maombi Yetu Yamejaza Inbox ya Wenyewe

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, mbele ya watu wa cyber.

Mnajua video ya kwaya yetu ya akina mama ilitakiwa ifike kwa ofisi ya tamasha leo kabla ya saa sita, la sivyo hatuimbi. Mkanituma mimi, mwenyekiti. (Yule yule anayeamuru kila anayesinzia kwenye maombi aoshe vikombe vya chai vya wote.) Nikatoka nyumbani Bahati mapema, nikafika kwa cyber ya Nekesa hapo mtaani Free Area, simu kwa mkono, uso nimeukunja.

Nekesa akaangalia. "Mathe, hii file ni kubwa. Email haiwezi kuibeba."

"Ni video, si ng'ombe. Tuma."

Akatuma. Ikarudi. Akatuma tena. Ikarudi!

"Wimbo ni dakika nne," akasema. "Maombi ya kufungua ni dakika thelathini na moja. Tukate maombi, tutume wimbo."

Kukata maombi! Nilimwangalia mpaka akaacha kutafuna chingamu. Nikamwambia sisi hatuimbi bila kuomba. Aigawanye vipande vidogo vidogo, avitume kimoja kimoja, kutoka mwanzo.

Vikaenda. Mimi nahesabu kama mayai. Kipande cha kumi na tisa kikakataa.

"Inbox ya ofisi imejaa."

Saa tano na nusu hiyo! Na wimbo bado haujaanza!

Simu ikalia. Karani wa tamasha. Masikio yangu si mazuri, kwa hivyo nikaweka loudspeaker. (Kosa.)

"Mama, ni wewe umejaza inbox yetu? Kwaya zingine zinashindwa kuingia. Nimefungua vipande vyako vyote, ni maombi tu!"

"Na maombi yamekukosea nini?"

"Hayajanikosea. Lakini huyo mama wa mstari wa mbele, amelala ama amezimia?"

Nekesa akafungua kipande cha tisa kwa ile skrini kubwa. Woi! Ni mimi. Kichwa kwa bega la Mama Chebet, mdomo wazi, kitambaa kimeteremka mpaka kwa pua. Mama Chebet anasema amina, mimi nakoroma. Nyinyi nyote mmefumba macho, ndiyo maana hamkuona. Simu tuliyoegemeza kwa mimbari haikufumba!

Cyber nzima iliacha kazi. Mzee aliyekuja kuandikiwa barua alicheka mpaka akatoa miwani apanguse macho. (Siku hiyo ya kurekodi nilikuwa nimeamka saa kumi usiku kukamua ng'ombe. Hakuna aliyeuliza.)

"Mathe," Nekesa akasema polepole, "sasa tufanye nini?"

"Kata maombi."

"Yote?"

"Mpaka amina!"

Karani akafuta vile vipande, Nekesa akaubana wimbo ukawa mdogo, ukaingia saa sita kasoro dakika mbili. Umepokelewa. Tunaimba, akina mama! Tunaimba!

Jumapili vikombe vyote ni vyangu. Niwekeeni sabuni karibu na karai, mgeuke mwangalie kando, na atakayecheka nitamjua kwa mabega.