Glasi za Kumpokea Mkwe

Ijumaa ile hakuna vita vilivyozuka, mafuta hayakupanda bei, wala hakuna mkubwa aliyejiuzulu. Habari iliyolitikisa benchi la Fundi Pindo ilikuwa ya glasi.

Aliyeileta ni Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, mtu ambaye husoma simu hata akiwa na kichwa cha mteja mkononi. Alitoka na taulo begani, akasimama mbele ya benchi, akasoma kwa sauti ya kutangaza msiba:

"'Mtaalamu wa vinywaji aonya: ukinywa kokteli kwenye chombo kisicho chake, umekunywa kitu kingine.'"

"Kitu gani?" aliuliza Mama Gesi. Huyu huuza mitungi ya gesi duka la jirani, na kila asubuhi hukalia ncha ya benchi kwa sababu, asemavyo, kutoka pale anaiona mitungi yake yote na wezi wote.

"Hakusema. Kasema kitu kingine."

"Basi huyo si mtaalamu. Ni mganga."

"Ngoja, ngoja," alisema Mwalimu Nukta, aliyestaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha. "Kwanza maana. Kokteli ni nini?"

"Pombe iliyokwenda shule," Mama Gesi alijibu.

"Ni mchanganyiko, mama."

"Hata mimi nimechanganyikiwa na sina digrii."

Kwa kawaida Fundi Pindo angekuwa ameshadakia. Cherehani yake ipo mlangoni kabisa, na miaka tisa sasa hajawahi kuacha hoja ipite bila kuitia mkasi. Siku hiyo alikuwa kimya, miguu imesimama juu ya pedeli. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Hebu endelea kusoma, Wembe. Chombo gani kwa kinywaji gani?"

Vichwa vitatu viligeuka. Hakuna aliyewahi kumwomba Wembe aendelee kusoma.

"Fundi, una nini?" Mama Gesi aliuliza.

"Sina kitu. Nauliza tu."

"Mtu asiye na kitu hashoni pindo moja mara mbili. Itazame hiyo suruali."

Pindo aliitazama. Kweli, ilikuwa imeshonwa mara mbili, na ya pili ilikuwa imeziba mguu. Akaitoa kwenye sindano, akaikunja, akasema yaliyokuwa moyoni.

Binti yake, yule anayefanya kazi maabara, alikuwa amepata mchumba. Jumapili mchana baba wa mchumba angekuja kuwaona wanavyoishi kabla hajasema lolote. Na mzee huyo hakuwa mtu wa kupewa soda. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli kubwa miaka thelathini na mmoja.

"Mama watoto ameapa kumtengenezea kokteli," Pindo alisema. "Ndimu anazo, tangawizi anayo, mnanaa anao, na chupa ipo. Mimi nimepewa kazi ya vyombo."

Mwalimu Nukta alitoa kalamu mfukoni. "Nyumbani mna nini?"

"Vikombe sita. Kimoja cha benki. Kimoja cha kampeni ya chanjo. Viwili vya bati. Kimoja kimeandikwa 'Nakupenda Mama', lakini sabuni imeshafuta 'Nakupenda'. Na kimoja cha udongo, kikubwa, mkono wake mnene kama kitasa cha geti."

"Glasi?"

"Zilikuwapo."

Wembe alitikisa kichwa kama daktari. Akasoma: "'Kinywaji cha barafu nyingi, glasi ndefu. Kikali, glasi fupi ya kitako kizito. Kilichotikiswa na kuchujwa, glasi ya mguu, na ushike mguu, ili joto la mkono lisikifikie.'"

"Yaani kinywaji kinaogopa mkono wangu?" aliuliza Mama Gesi. "Mimi kitu kinachoniogopa sikimezi."

"Mpe kikombe cha bati," Nukta aliamua. "Bati hutunza baridi. Hiyo ni fizikia. Barafu haijui bei ya chombo."

"Umpe mtu wa hoteli kikombe cha bati? Atadhani mnamtaka apige mswaki!"

"Wembe, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

"Mwalimu, mkakasi haunyweshwi wakwe."

"Nyie wawili nyamazeni," alisema Mama Gesi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ampe alichonacho."

"Apone, mama," alisema Wembe. "Wahenga hawakusema aumbuke."

Pindo aliinua mkono. "Sikilizeni. Mimi mtu akipita pale barabarani, kabla sijauona uso wake nimeshaona mshono wake ulipopinda. Sitaki, lakini naona. Sasa yule miaka thelathini na mmoja ameshika glasi. Akiingia kwangu ataanza kuona nini? Ataniona mimi?"

Wembe aliweka simu mfukoni.

"Dada yangu ana ukumbi wa sherehe," Mama Gesi alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayejuta huku akisema. "Kesho nakuletea glasi sita za mguu. Ukivunja moja, usinisalimie tena."

Jumapili saa nane mzee aliingia. Mrefu, viatu vinang'aa, koti zito siku ya joto, na mikono yote miwili imezama mifukoni. Hakumpa mtu mkono. Aliinamisha kichwa kwa kila mmoja, akaketi, na mikono ikabaki mifukoni. "Ameanza," Pindo alijisemea. "Hata mkono anatunyima."

Mama watoto akaleta sinia. Glasi zilikuwa zimesimama kwa miguu yao myembamba, zimejaa hadi ukingoni, kila moja na kipande cha ndimu. Zilipendeza kiasi kwamba Pindo aliona ni nyumba ya mtu mwingine.

"Glasi nzuri," alisema mzee.

Akaiacha ilipo.

Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini. Mama watoto alizungumzia jua, kisha mvua, kisha jua tena. Binti alimtazama mchumba wake, mchumba alitazama zulia. Ukungu wa baridi kwenye glasi ya mzee ukawa matone, matone yakateremka mguuni, yakaloanisha kitambaa cha meza. Pindo aliyafuata kwa macho mpaka la mwisho. Kajua ni za kuazima, aliwaza. Au nimechagua ndefu palipotakiwa fupi. Binti yangu anakosa mume kwa sababu ya glasi, na mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo moja tu.

Mzee akanyanyuka, akauliza choo. Pindo akamsindikiza. Walipofika ushorobani, mzee akasimama.

"Mkwe, nina jambo la aibu."

Pindo alishika ukuta. "Sema tu, mzee. Tumeshajiandaa."

Mzee alitoa mkono wa kulia mfukoni, akauinua kati yao. Ulikuwa unatetemeka kama cherehani iliyolegea mkanda. Akautazama kidogo, kama mtu anayemtazama mtoto mkaidi, kisha akaurudisha.

"Huu ndio ulionitoa kaunta. Kijana wangu anajua nimestaafu. Sababu haijui, na nitamwambia mwenyewe, lakini si leo mbele ya wakwe. Ile glasi nikiigusa, kitakachokunywa ni zulia lenu." Akavuta pumzi. "Hamna kikombe chenye mkono?"

Pindo aliona aibu kwa yale aliyokuwa akimdhania. Akajibu neno moja: "Kipo."

Alirudi sebuleni, akaikusanya sinia mbele ya watu wote. "Glasi hizi hazifai," alisema. "Zimepasha kinywaji joto."

"Wewe ndiye uliyezileta!" alisema mkewe.

"Nimekosea, mama. Lete vikombe. Vyote."

Mkewe alimtazama kama anayehesabu miaka ya ndoa. Pindo hakukwepesha macho. Mwanamke akaenda kuleta vikombe. Mzee aliporudi alikuta nyumba nzima inakunywa kokteli kwenye magi: mama kwenye kikombe cha benki, mchumba na binti kwenye bati, Pindo kwenye chanjo. Yeye akapewa cha udongo, nusu tu, mkono wake mnene umeelekezwa kwake. Alikikumbatia kwa viganja vyote viwili, akanywa, akafumba macho.

"Tangawizi mmeitwanga," alisema. "Hamkuikuna."

"Nimeitwanga," alikiri mama watoto.

"Ndivyo inavyotakiwa. Watu wengi huikuna."

Basi ikawa mazungumzo. Mzee alisimulia habari za wageni wa hoteli mpaka mama watoto akacheka na kumwaga cha kwake mwenyewe.

Jumatatu, kabla Pindo hajafungua kufuli, benchi lilikuwa limejaa.

"Ehe?" alisema Wembe.

"Glasi zenu ziko salama, zote sita."

"Nani kauliza glasi?" alisema Mama Gesi, huku akizihesabu. "Alikunywa?"

"Alikunywa. Kwenye kikombe. Glasi aliikataa."

Ghasia zikazuka.

"Bati?" Mwalimu Nukta alisimama kabisa. "Sema ni bati!"

"Udongo."

"Udongo pia hutunza baridi. Ni fizikia ileile."

"Haiwezekani," alisema Wembe. "Miaka thelathini na mmoja ya kaunta akatae glasi? Huyo alikuwa anawapima. Watu wa hoteli wana mitihani yao."

"Hakuna mtihani," alisema Mama Gesi. "Alichoka kushika miguu ya glasi. Hata wewe ukistaafu hutataka kuona wembe."

"Inawezekana," alisema Pindo.

"Au ni fizikia," alisema Nukta.

"Inawezekana pia."

"Sasa binti je?"

Pindo alichomoa karatasi kutoka mfuko wa shati, akaibandika ukutani kwa pini. "Mzee amenipa vipimo vyake kabla hajaondoka. Koti la harusi."

Kigelegele cha Mama Gesi kilimtoa mteja wa Wembe nje, nusu ya kichwa imenyolewa. Wakapeana mikono, wakamwita Pindo mkwe, wakamtaka aeleze tena tangu mwanzo. Mwalimu Nukta peke yake alikuwa amesogea ukutani, anasoma karatasi kwa kidole.

"Fundi, hapa pana kosa. Umeandika: 'Vifungo pambo tu. Ndani zipu, yenye pete kubwa.'"

"Si kosa."

"Zipu? Kwenye koti la harusi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Pindo aliilamba ncha ya uzi, akaipitisha kwenye tundu la sindano.

"Ni mtindo," alisema.

"Koti likiwa na zipu ni jaketi," Wembe alidakia.

"Koti ni kola," alisema Mama Gesi. "Zipu haihusiki."

"Tuanze na maana," alisema Nukta, na wote watatu wakaanza kusema kwa pamoja.

Pindo akatandika kitambaa mezani, akashika chaki, akaanza na mikono ya koti. Aliichora mipana kuliko vipimo, mifuko akaiongeza kina, na hakuna aliyeona.