Ombi la Kurudishwa Katika Kundi la Wasioendelea

Ephantus Muchiri,
Mutuini, Dagoretti.
9 Machi, 1992.

Mkurugenzi,
Taasisi ya Utafiti wa Kaya za Wakulima Wadogo,
Hurlingham, Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: KUONDOLEWA KWA KAYA NAMBARI 47

Natumaini u mzima wa afya na kwamba lifti ya ofisi yenu imepona. Mara ya mwisho nilipanda ngazi hadi orofa ya nne, na nilipofika juu nikihema, Bi. Hemlata wa mapokezi akaniandika kwenye daftari lake kuwa mgeni. Mheshimiwa, mimi si mgeni. Mimi ni Kaya Nambari 47. Kwa miaka kumi mmenipima, mmenihesabu, mmeniuliza nilikula nini juzi na choo changu kimechimbwa futi ngapi. Hata mama mkwe wangu hajanichunguza hivyo, na yeye ana sababu.

Kwa kuwa wewe ni mgeni katika kiti hicho, nitaeleza tangu mwanzo. Mwaka wa 1982 Landrova ya kijani ilifika kwetu Mutuini ikiwa na Profesa wenu kutoka ng'ambo. Alisema anatafuta kijiji cha mbali. Tulitazamana, maana Mutuini si mbali na chochote. Dereva ndiye aliyetueleza pembeni kwamba kijiji cha mbali kinachofaa ni kile ambacho Profesa anaweza kukitafiti asubuhi na kurudi nyumbani kwake Karen kabla chakula cha mchana hakijapoa.

Nyumba arobaini za upande wa juu wa barabara zilipewa ng'ombe wa gredi, tangi la saruji la kuvuna maji ya mvua, mbegu za kisasa na mwalimu wa lishe. Sisi arobaini wa upande wa chini tulipewa kipande cha sabuni na maswali. Afisa wenu, Bwana Were, alitukusanya akasema, "Wazee, nyinyi ni kontroo. Hao wengine tunawasaidia, nyinyi tunawaacha hivyo hivyo, halafu tunalinganisha. Kwa hivyo msiguse kitu." Akaahidi kwamba baada ya miaka kumi, utafiti ukifungwa, kila kontroo itapewa yote waliyopewa wale wa juu, na tangi litatangulia. Barua ya ahadi hiyo ninayo na ina muhuri.

Mheshimiwa, sikugusa kitu. Nimekaa miaka kumi kama nilivyoachwa. Sasa imebaki miezi tisa tu ahadi itimizwe, nami napata barua yenu kwamba Kaya Nambari 47 imeondolewa katika utafiti kwa sababu "imeendelea bila kusaidiwa, jambo linalovuruga matokeo", na kwa hiyo Desemba haitapewa tangi. Nimeumia sana. Nimeitwa mengi maishani mwangu, lakini kuitwa mtu aliyeendelea, tena na mtu msomi, hilo sikulitarajia. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Ng'ombe. Bwana Were ameandika kwamba aliona ng'ombe wa gredi kwangu. Ni kweli alimwona, lakini ng'ombe huyo si wangu. Ni wa mke wangu, Wanjira. Yeye na akina mama wenzake kumi na mmoja wana kikundi chao cha kusaidiana kwa zamu: mara hii wanamwezekea mmoja nyumba kwa mabati, mara nyingine wanampa mwingine ndama, hivyo hivyo hadi wote wafikiwe. Zamu ya Wanjira ilipofika akapewa ndama, na ndama, bila kuniuliza, akakua. Mimi simkamui, simkatii majani, wala jina lake silijui. Maziwa yake nayanywa tu pale ninapoyakuta tayari yamo kwenye chai, mahali ambapo siwezi tena kuyatoa.

2. Binti yetu Muthoni, aliyeitwa shule ya upili ya bweni. Hapa sina hatia kabisa. Alipotaka kitabu cha ziada cha hesabu nilimkalisha chini nikamkumbusha wajibu wake kwa sayansi. Mama yake akauza mayai, akamnunulia. Siku barua ya shule ilipokuja mimi nilikuwa nimelala.

3. Mkono wa kitinda mimba wetu, Njambi. Utepe wenu wa kupimia mikono ya watoto una rangi tatu, na nasikia mkono wa Njambi umetoka rangi ya njano ukaingia kijani, rangi ya mtoto aliyeshiba. Ni sukuma wiki na maharagwe ambayo mama yake amepanda nyuma ya jiko, mahali ambapo mwanamume wa heshima hana shughuli. Nakiri kwamba Bwana Were alipotaja kijani nilifurahi mpaka nikatoka nje nikajifanya natazama ua. Furaha hiyo haimo kwenye fomu kwa sababu fomu haina nafasi yake, na nisingependa itumiwe dhidi yangu.

4. Tangi nililolikataa. Hili ndilo linalonichoma, na naomba ulisome ukiwa umeketi.

Nilikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Harbhajan, kule Westlands, kwa miaka kumi na tano. Mwaka wa 1987 alihamisha duka, akaniita, akanionyesha tangi la mabati, halina kutu, halina tundu, akasema nilichukue na lori lake litanifikishia nyumbani. Nilimshukuru nikamwambia siwezi, mimi ni kontroo. Alinishika paji la uso kuona kama nina homa. "Muchiri, kichwa yako iko sawa kweli? Tangi iko bure! Lori iko bure!" Nikamweleza habari ya kulinganisha. Akamwita Mbithi, mlinzi wa lango, ambaye hakuwa kontroo ya mtu yeyote, naye akalipeleka tangi kwake siku hiyo hiyo.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia Wanjira kwa fahari kidogo. Alichukua mtungi, akapitisha kamba kwenye paji la uso, akateremka bondeni. Amekuwa akiteremka hivyo mara tatu kwa siku tangu tuoane, na kamba hiyo imemwachia mfereji kwenye paji, ambao hata akivaa kitambaa cha kanisani unaonekana. Mgongo nao umeanza kumsumbua. Kwa hiyo mnapofuta tangi la Desemba kwa kalamu nyekundu, tafadhali mjue mnafuta nini.

5. Semina ya hoteli. Mwaka juzi mlinialika hoteli moja ya Westlands, mkaonyesha picha yangu ukutani nikiwa nimesimama mbele ya nyumba yangu mwaka wa 1982, kisha picha nyingine mbele ya nyumba ile ile, koti lile lile. Wageni walipiga makofi. Profesa alisema mimi ni mfano bora. Amepandishwa cheo mara mbili kwa sababu mimi sikupanda hata mara moja, na simwonei wivu. Lakini nilipojaza sahani kuku, msaidizi wake alikuja mbio na kalamu kuuliza kama hiyo ni desturi yangu. Nikarudisha mapaja mawili. Mtu anayerudisha mapaja mawili kwa ajili ya takwimu zenu, leo mnamfukuza?

6. Jirani yangu Ndungu, wa upande wa juu. Huyu mlimpa yote. Ng'ombe alimuuza mwaka wa kwanza. Tangi lilipata ufa, sasa analaza kuku humo. Mwalimu wa lishe alimwoa, basi huo ukawa mwisho wa masomo ya lishe. Na bado kwenye vitabu vyenu Ndungu ni kaya iliyosaidiwa, haguswi. Yaani aliyepewa akarudi nyuma anabaki, na mimi niliyeamriwa nisisonge, nikatii, nimetimuliwa.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kwanza, Kaya Nambari 47 irudishwe mahali pake. Pili, kama mna shaka na msimamo wangu, mlete afisa akae hapa hadi Desemba, na kila atakapoona maendeleo yanakaribia anipigie kengele.

Tatu, na hili nimelifikiria kwa muda mrefu, nawapa njia ya kisayansi. Ukitazama malalamiko yangu utaona kwamba maendeleo yote ya nyumba hii yameletwa na mtu mmoja. Mtu huyo hakuzaliwa Mutuini. Alitoka Limuru, nikamwoa, akaja na ujuzi wake. Kwa kanuni zenu wenyewe huo ni msaada kutoka nje, sawa na ule wa Ndungu. Basi naomba mke wangu aondolewe katika hesabu ya kaya, kwa karatasi tu, si kwa miguu. Mkishamtoa yeye, mtoeni ng'ombe wake, mtoeni Muthoni na shule yake, mtoeni Njambi na mkono wake, muitoe na bustani. Nitakayebaki ni mimi, kiti changu na lile koti. Hapo mtapata kontroo safi ambayo Profesa hajawahi kuiona popote duniani, na mtu huyo hamtakuwa na sababu ya kumnyima tangi.

Nisalimie Bi. Hemlata, na umwambie sina kinyongo. Msalimie Bwana Were, afisa asiyechoka kuuliza, na dereva wa Landrova, na Profesa akiandika kutoka ng'ambo. Wa huku wote wazima, wanawasalimu nyote, hata Ndungu na kuku wake.

Ni mimi mtiifu wako,
Ephantus Muchiri
(Kaya Nambari 47)

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimeinuka kutafuta bahasha, niliporudi nikamkuta Wanjira amesimama mezani, amesoma barua yote, mpaka pale pa kumtoa. Nilingoja vita. Alicheka, Mheshimiwa, akacheka mpaka akashika mgongo, kisha akasema, "Baba Muthoni, hebu sogeza hiyo meza." Nilipogeuka, wale kumi na mmoja walikuwa wameshaingia uani na mawe, mchanga na saruji, wakiimba. Zamu yake imezunguka ikamfikia tena, na amechagua tangi. Msingi wake unaanzia hapa hapa chini ya upenu wa jiko nilipokuwa nakuandikia. Kumbe alijua tangu mwaka jana, akaninyamazia nisije nikalikataa na hili.

Nimesogeza meza. Nimebeba na mawe, wala sikuombwa. Basi lile tangi lenu la Desemba mpeni mwingine, na maombi yangu yote matatu nayaondoa. Badala yake nina moja dogo. Katika fomu zote ishirini mlizonijazia tangu 1982, kuna lile swali la kwanza kabisa, mkuu wa kaya ni nani. Mkipata nafasi, tafadhali futeni jibu langu.