Radi Kavu Katika Gia ya Pili

Jumatatu, 1 Desemba

Nimemaliza! Nyimbo bora za roki za mwaka, zimepangwa kwa haki, bila upendeleo wowote. Namba moja: "Radi Kavu" ya Misumari Mitatu. Namba mbili: "Kutu", ya hao hao. Namba tatu: "Radi Kavu" tena, ile waliyopiga jukwaani. Sikuona sababu ya kwenda mbali zaidi.

Niliubandika mpangilio wangu ofisini, pembeni ya alama za barabarani. Mwalimu mwenzangu akaja na wa kwake, akaubandika juu ya wangu. Huyu tunamwita Taratibu. Anafundisha udereva kama mimi, shule hii hii, lakini sijawahi kumwona akiingiza gia ya nne. Wimbo wake wa mwaka ni "Taa ya Njano". Roki ya kubembeleza! Gitaa linapigwa kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nikamwambia hiyo si roki, hiyo ni dawa ya usingizi. Akanijibu, bila haraka, kwamba wimbo wangu ni ajali iliyorekodiwa.

Sauti zikapanda. Madam, mwenye shule, akatoka chumbani kwake na kikombe cha chai mkononi. Kasema tumemchosha. Kasema gari jipya limefika, na kwa kuwa wote tunalimezea mate, tutalipata kwa hicho hicho tunachogombania. Siku ya sherehe ya kufunga mwaka nyimbo zetu mbili zitapigwa. Wanafunzi watakaokuwa wamefaulu mtihani wa Jumatano ya wiki ijayo watanyoosha mikono. Wimbo ukishinda, mwenye wimbo anakabidhiwa ufunguo.

Gari hilo lina spika nne. Nne! Langu lina moja, mlango wa kushoto, nayo huimba tu dirisha likiwa limeshushwa. Mwaka mzima nimesikiliza "Radi Kavu" kwa upande mmoja. Nyumbani siwezi, mke wangu kapiga marufuku roki tangu siku sahani ziliposhuka kabatini zenyewe. Nalitaka gari lile.

Jumanne, 2 Desemba

Wanafunzi wangu msimu huu: muuza maua, daktari wa meno, na mama mkwe wangu. Huyo wa mwisho sikumchagua. Mke wangu ndiye aliyemwandikisha, mimi nikaambiwa baadaye. Kumfundisha mama mkwe gari si mchezo. Mwanafunzi mwingine unamwambia, "Breki!" Yeye unamwambia, "Samahani Mama, kama hutajali, tukanyage breki kidogo." Ukifika kwenye neno "breki" mmeshapanda ukingo wa barabara.

Taratibu ana wawili tu, mwashi na mkutubi. Kwa hesabu hiyo gari ni langu. Tatizo ni kwamba watu wangu si watu wa roki. Mama mkwe alipousikia "Radi Kavu" mara ya kwanza aliuliza huyo kijana anaumwa nini, na kama ana ndugu wa kumpeleka hospitali.

Hapo ndipo wazo lilipokuja! Nilikuwa napiga mswaki. Nikatema povu nikacheka peke yangu. Nitawafundisha gia kwa wimbo! Gitaa likiingia, kanyaga klachi. Dramu za kwanza, gia ya kwanza. Dramu za pili, gia ya pili. Kiitikio, ya tatu. Mwimbaji akipiga ukelele, breki. Wataujifunza wimbo bila kujua wanajifunza. Utawaingia miguuni, upande magotini, ufike moyoni. Siku ya kupiga kura mikono itanyooka yenyewe.

Nimemweleza mke wangu. Kaniuliza kama mama yake atarudi nyumbani akiwa mzima.

Alhamisi, 4 Desemba

Mambo yameiva! Muuza maua, ambaye wiki iliyopita alikuwa akizima gari kila akiona mbwa, leo kapanda gia mpaka ya tatu bila kutikisika. Dramu zikiita, mkono unakwenda. Daktari wa meno naye kasema ukelele haumsumbui hata kidogo, kazini anausikia kutwa.

Mama mkwe alianza kwa kuziba sikio moja. Nikamwomba, kwa adabu zote, asiendeshe kwa mkono mmoja. Mzunguko uliofuata mguu ukaanza kuitika, na gari likaondoka bila kurukaruka. Akaniambia, "Mwanangu, kumbe kelele hizi zina kazi." Nilisikia raha ajabu. Mwaka mzima sijapata mtu wa kumwambia wimbo huu ni mtamu akakubali, hata nusu.

Taratibu alipita na mkutubi wake. Dirisha wazi, redio imezimwa. Hafungulii muziki wakati wa somo! Eti mwanafunzi asikilize injini. Ananyunyiza muziki wake wakati wa chakula tu, kama chumvi. Masikini, hajui vita vimeanza.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo nilifanya jambo la akili sana, na limeniharibikia kidogo.

Flashi zetu za nyimbo, zote mbili, ni nyeusi, za aina moja, Madam alitugawia. Taratibu alipokwenda kunawa mikono, nikaingia garini mwake nikabadilisha. Nikachomeka yangu, nikachukua yake. Mpango: wakati wa chakula afungulie redio, wanafunzi wake wapigwe na "Radi Kavu", wapendezwe, wahamie kwangu. Nikatoka pale napiga mluzi kama mtu aliyekuwa anakagua matairi.

Nikaingia kwenye gari langu. Mama mkwe keshakaa, kafunga mkanda, kaweka mkono kwenye gia, anasubiri gitaa. Ndipo nikakumbuka kwamba flashi ile ndiyo pekee niliyokuwa nayo.

Nikamwomba Mama twende bila muziki. Akajaribu. Gari likazima. Akajaribu tena, likaruka kama chura, likazima. Akaniuliza wimbo uko wapi, maana mguu wake haujui pa kuanzia. Ningefanyaje? Nikachomeka flashi ya adui. "Taa ya Njano" ikaanza kutiririka ndani ya gari langu mwenyewe. Niliona aibu, nikapandisha dirisha, spika ikanyamaza. Ikabidi nishushe tena dirisha, dunia nzima isikie.

Na Mama akaendesha! Klachi ikaachiwa kwa upole, gia zikaingia bila kelele, kona akaikata vizuri kabisa. Tukazunguka mji mzima. Akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Akauliza ni nani anayeimba hivyo. Nikamjibu ni mtu mmoja tu, hana umaarufu.

Taratibu leo hakufungua redio hata wakati wa chakula. Kichwa kilimuuma. Jioni nikarudisha flashi yake, nikachukua yangu, hakuna aliyeona kitu. Kwa hiyo hakuna hasara.

Jumatano, 10 Desemba

Siku ya mtihani. Mtahini ni bwana mnene asiyecheka, shati limepigwa pasi hadi limekuwa kama karatasi ngumu. Akaingia garini na muuza maua. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima redio.

Kuzima redio! Sijui kwa nini sikuwahi kulifikiria hilo.

Mtahini akasema, tuondoke. Muuza maua akakaa, mikono kwenye usukani, macho mbele. Mtahini akarudia. Muuza maua akamwuliza kwa heshima kama wanaweza kusubiri gitaa kwanza. Mimi nikiwa nje ya uzio wa uwanja wa mtihani jasho likanitoka. Siwezi kumwacha mtu wangu aangamie. Nikashika waya wa uzio kwa mikono miwili nikapiga gitaa kwa mdomo, kwa nguvu zangu zote. Akasikia! Klachi! Gari likaondoka. Nikakimbia nalo sambamba na uzio, nikipiga dramu kwenye mapaja, ya kwanza, ya pili, kiitikio. Nilikuwa sijawahi kuimba vizuri namna ile.

Kwenye kona alisimama mama mmoja na kikapu cha mayai. Akageuka, akaniona nakuja, mwanaume mzima, mdomo wazi, najipiga mapaja. Akapiga ukelele. Muuza maua akakanyaga breki katikati ya barabara. Karatasi za mtahini zikaruka hadi kwenye kioo, na kalamu yake hatujaipata mpaka sasa.

Muuza maua kafeli. Nimemwomba radhi. Kasema si kitu, ila nisimwonyeshe uso wangu wiki hii.

Daktari wa meno kafaulu, aliuimba moyoni. Mama mkwe naye kaingia garini kama anakwenda kutembelea jirani. Midomo ilikuwa ikichezacheza. Aliondoka vizuri, akarudi vizuri, akaegesha katikati ya koni za barabarani bila kugusa hata moja. Mtahini, wallahi, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mama kafaulu! Nilitaka kumkumbatia nikakumbuka ni nani, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili nikainama hadi mgongo ukalia. Machozi yalinilengalenga, na si kwa ajili ya kura tu.

Upande wa Taratibu, mwashi kafaulu. Mkutubi kafeli, maana aliendesha polepole mno hata muda wa mtihani ukaisha akiwa bado njiani. Basi wapiga kura ni daktari wa meno, mama mkwe wangu na mwashi. Wawili wangu, mmoja wake. Hata mtoto wa chekechea anaweza kuipiga hesabu hiyo! Nimeshamwambia mke wangu afute vumbi kwenye miwani yangu ya jua.

Ijumaa, 12 Desemba

Siandiki mengi.

Sherehe ilianza vizuri. Soda, keki, maputo. Madam alikuwa ameazima spika kubwa. Nikapewa nafasi ya kusema machache. Nilieleza historia ya roki, mateso ya wapiga gitaa na umuhimu wa kura ya kweli, mpaka Madam akanikumbusha kwamba keki inayeyuka.

"Radi Kavu" ikapigwa. Nikafumba macho. Kwa mara ya kwanza nausikia wimbo wangu pande zote mbili! Kushoto, gitaa, dramu, ukelele, vyote vinavyojulikana. Kulia... kinanda. Kinanda laini. Na wanawake wawili wanaitikia kwa sauti ya kubembeleza, kama wanamlaza mtu. Muda wote huo walikuwa humo! Nikafumbua macho nikamwona Taratibu anatikisa kichwa kwa raha. Akaninong'oneza kwamba alikuwa hajui wimbo wangu ni mpole hivyo. Sijawahi kutukanwa namna ile.

Ikapigwa "Taa ya Njano". Kisha Madam akasema wanaochagua "Radi Kavu" wanyooshe mikono. Daktari wa meno akanyoosha. Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anapangusa makombo ya keki kwenye gauni. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mwashi akaniletea maji.

Madam akasema, na "Taa ya Njano"? Mwashi akanyoosha. Na Mama akanyoosha mkono, juu kabisa, kama anasimamisha basi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamfuata, nikapiga goti, nikamwuliza, Mama, nimekukosea nini? Akanishika bega. Akasema, "Mwanangu, huo ndio wimbo ulionifundisha gari. Si wewe mwenyewe ulinipigia Jumamosi ile? Ule mwingine miguu iliusikia, ila moyo ulikuwa mbio. Huu ulinitoa woga. Nikasema mkwe wangu ana maarifa, kaona naogopa kaniletea dawa."

Utamwambia nini mama mkwe? Nikamwambia ahsante, Mama. Taratibu akakabidhiwa ufunguo. Mke wangu alicheka njia nzima hadi nyumbani, na mama yake ndiye aliyekuwa anaendesha, kwa gia nzuri sana.

Jumapili, 14 Desemba

Nimelala, nimekula, nimefikiri. Nimeona kosa liko wapi. Kosa ni la mtahini aliyezima redio na la mtu aliyeweka kinanda upande wa kulia. Kwangu mimi hakuna kosa. Mbinu ni safi.

Jana nilipita karibu na gari jipya kwenye taa za barabarani. Spika nne! Na Taratibu humo ndani, madirisha yamefungwa, redio imezimwa, anasikiliza injini. Roho iliniuma vibaya sana. Hiyo ni dhuluma kwa spika.

Lakini habari njema! Mama mkwe amewasifia watu wote namna ninavyofundisha, na sasa baba mkwe naye kajiandikisha. Anaanza kesho asubuhi. Mzee hasikii vizuri, lazima umwambie jambo kwa sauti kubwa mara mbili. Yaani huyo ndiye mpenzi wa roki niliyekuwa namtafuta maisha yangu yote! Safari hii nitamfundisha hadi rivasi kwa "Radi Kavu", na mwakani Madam akiitisha kura, nitakuwa na mtu wa uhakika.

Na Taratibu nimeshamweka sawa. Jana mchana, alipokwenda kunawa mikono, niliingia kwenye gari jipya nikachomeka flashi yangu. Siku akithubutu kuwasha redio, spika zote nne zitamfundisha adabu! Nilitoka napiga mluzi, hakuna aliyeona kitu. Safari hii sikugusa hata ya kwake, ili asishuku.

Nimeshaandaa mto wa kiti cha Mzee na nimefuta kioo. Kilichobaki ni kuweka flashi garini. Mke wangu anauliza kwa nini napindua mifuko ya suruali zote. Nimemwambia natafuta "Radi Kavu", atulie, lazima iko mahali.